Dume la Kuazima kwa Bi Mkunjo

Ukimpelekea Bi Mkunjo blanketi lililolazwa kabatini na vidonge vya kufukuza nondo, hatalipokea. Atalinusa ungali mlangoni, atakuonyesha kamba iliyo nje ya ua, na atakuambia ulianike hapo mpaka harufu iishe ndipo aliguse. Wateja wageni hununa. Wengine hudhani ana pumu. Ukweli ni kwamba juu ya meza yake ya pasi kuna rafu ndefu ya mbao, na kwenye rafu hiyo wamo viumbe ambao hewa ya vidonge hivyo huwaua. Ameapa kwamba kama watakufa, hawatakufa kwa uzembe wake.

Ni vunjajungu. Si wale wa kijani tunaowaona majanini wakiwa wamekunja mikono kama wanaosali. Hawa ni wa magome. Miili yao ni bapa, rangi yao ni kijivu iliyochanganyika na kahawia, na mabaka yao yanafanana na ukungu unaoota kwenye mti mkavu. Mmoja wao akijilaza kwenye gome hana hata kivuli cha kumsaliti. Unaweza kuonyeshwa kwa kidole na bado usimwone, ukaishia kuitikia tu kwa adabu.

Jina la Bi Mkunjo alipewa na wateja kwa ajili ya mkunjo wa suruali, ambao akiupiga yeye haupotei hata ukishinda umekaa kitini. Ni dobi. Amekuwa dobi tangu ujana wake, na nimempelekea mashati yangu kwa miaka mingi kiasi cha kuona nywele zake zikigeuka. Naandika habari zake kwa sababu naona tunasifu ovyo siku hizi. Tunampigia makofi mtu aliyenunua mbwa mkubwa wa kutishia majirani, au aliyefungia kasuku sebuleni ili wageni wacheke, kisha mbwa analala na njaa na kasuku ananyonyoka manyoya. Kufuga kiumbe ni kujifunga kazi. Asiyetaka kazi hiyo aache kiumbe alipo. Mwanamke huyu alijifunga kazi ambayo hakuna aliyemwomba, kwa viumbe wasioweza hata kumjua kwa sura, na hakuitupa ilipomwelemea.

Nyumba yake ya kazi ina vyumba viwili. Cha mbele kina matangi ya saruji ya kusuuzia. Sakafu yake haikauki, na ukisimama hapo kidogo baridi inapanda miguuni. Cha nyuma ndicho cha pasi. Kina joto la kukutoa jasho kabla hujasalimia, na mvuke umeyafanya magazeti yaliyobandikwa ukutani yajikunje pembe zote. Nje, kwenye ua, lipo pipa la maji ya moto lililoinuliwa juu ya mafiga matatu. Kuni zake ni mabanzi, yaani vile vipande vya nje vya gogo vinavyobaki kiwandani mbao zikishapasuliwa, vikiwa bado na magome yake.

Ni mabanzi yaliyomletea wageni. Asubuhi moja alishika banzi moja alitie motoni, akaona kipande cha gome kinamtazama. Alidhani ni moshi umemchosha macho. Akakipuliza. Gome likageuza kichwa, likamtazama vizuri zaidi, kisha likazunguka upande wa pili wa banzi, kama mtu anayejificha nyuma ya mti asisalimiwe.

Aliyekuwa naye ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hufanya naye kazi na ambaye mdomo wake haujapata likizo tangu niujue.

“Wifi, litupe motoni hilo!” wifi alipiga kelele.

“Nimtupe motoni nani? Amenitazama huyu.”

“Hata mimi nakutazama kila siku, na chai hujanipikia.”

Banzi lile halikuingia motoni. Likaegeshwa ukutani, na kuanzia siku hiyo hakuna banzi lililochomwa katika ua ule kabla ya kugeuzwa huku na huku na kupitishiwa kidole. Kazi ya kuwasha moto ikawa ndefu mara mbili. Wifi alilalamika, akalalamika, kisha naye akaanza kugeuza mabanzi, akisema anafanya hivyo ili kelele ziishe, ingawa mpiga kelele alikuwa yeye.

Bi Mkunjo hakuwa na mtu wa kumfundisha. Alijifunza kwa kutazama, na alitazama kama anavyotazama doa: bila haraka, akijiuliza limetoka wapi. Aliona kwamba wanakula walio hai tu, wanaotikisika. Aliona kwamba wadogo wanatosheka na wale nzi wadogo wanaozaliwa kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi, na wakubwa wanataka mende. Aliona kwamba wanapojivua ngozi ili wakue huning’inia kichwa chini, na wakati huo ni laini kama uji, kiasi kwamba hata mende mdogo aliyesahauliwa ndani ya chupa anaweza kuwatafuna. Basi kila anayekaribia kujivua hupewa gome refu la kujishikiza, unyevunyevu kidogo, na amani. Chupa zote alizifunika kwa neti ya pazia lililochanika, na kila moja ilioshwa kwa maji yaliyochemshwa, bila sabuni, kwa siku yake. Tena aliona jambo lililomsikitisha: ukiwaweka wawili pamoja, kesho yake unamkuta mmoja aliyenona. Kwa hiyo kila mmoja alipewa chumba chake.

Mende nao walihitaji kufugwa, maana huwezi kuwakimbiza jikoni kila siku. Aliwaweka kwenye ndoo yenye kifuniko, akiwalisha pumba na maganda.

“Mtaa mzima unanunua dawa ya kuua mende,” wifi aliniambia siku moja, akiwa ameshika kiuno, “hapa sisi tunawaandalia meza. Kaka yangu akirudi safari nitamwambia mkewe amefungua hoteli.”

“Kaka yako anajua,” Bi Mkunjo alijibu bila kuinua pasi. “Alisema bora mende kuliko wageni wa umbea.”

“Na je, anajua kwamba hawa majike wako wakishaolewa wanamla mume?”

“Anajua.”

“Ndiyo maana amekonda!”

Wote wawili walicheka mpaka pasi ikasahauliwa na kitambaa kikaanza kunuka moto. Mume wa Bi Mkunjo ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu mpole, ambaye kwa kweli amekonda.

Sasa nieleze kosa, kwa sababu bila kosa hilo sifa zangu zingekuwa maneno matupu. Bi Mkunjo ni mtu wa usawa. Alipolea watoto wake alikuwa akikata mkate kwa uzi ili kipande kisipite kingine. Wanawe walipogombana, aliwaadhibu sawa na kuwabembeleza sawa. Kanuni hiyo ilimpa nyumba yenye utulivu, nami naiheshimu. Basi vunjajungu wake walipozaa kizazi cha tatu, aliwalea kwa kanuni ile ile. Wote waliwekwa kwenye rafu ya joto juu ya meza ya pasi. Wote walipewa mende wa ukubwa mmoja, kwa zamu moja. Hakuna aliyependelewa.

Na usawa huo ukawamaliza. Dume wa vunjajungu wa magome ni mdogo kuliko jike, na hujivua ngozi mara chache zaidi kabla ya kukomaa. Kwa joto lile na shibe ile, madume waliota mbawa upesi wakati dada zao bado ni watoto. Wakakaa wakingojea wake ambao hawajawa wake. Maisha ya dume aliyekomaa ni mafupi. Mmoja baada ya mwingine walikutwa sakafuni mwa chupa, miguu juu, na majike wakaendelea kula na kukua kana kwamba hakuna lililotokea. Vizazi viwili vya kwanza vilikuwa vimepona kwa bahati tu: wakati ule rafu ilikuwa fupi, na chupa zilizokosa nafasi ziliwekwa kwenye chumba cha matangi, penye baridi ya kuwachelewesha waliomo. Yeye alidhani kurefusha rafu ni kuwatendea haki wote.

Zaidi ya hapo, kiwanda cha mbao kilikuwa kimebadilisha miti. Mabanzi yaliyoletwa sasa yalikuwa na gome laini kama ngozi ya kiazi, na wifi aligeuza kila moja bila kuona hata mguu. Kwa hiyo walio kwenye rafu ndio waliokuwepo. Jike mmoja aliposhindwa kutoka kwenye ngozi yake akafa, mwingine akanyauka bila sababu iliyojulikana, akabaki mmoja tu. Huyo alijivua mara ya mwisho salama, akawa jike kamili, mpana, mwenye mabaka mazuri kuliko wote niliowahi kuonyeshwa. Alikuwa tayari, na hakuwa na dume. Asipopata dume, ukoo ule ungeishia kwake.

Nilikwenda kuchukua mashati siku hizo nikamkuta Bi Mkunjo ameshika tama mbele ya chupa ile. Nilimwambia kwa nia njema kwamba ni wadudu tu.

“Ni wadudu,” alikubali. “Lakini niliwatoa kwenye kuni zangu nikasema nitawaangalia. Hakuna aliyenilazimisha kusema.”

Nilihesabu mashati yangu, nikalipa, nikaondoka.

Ni wifi aliyeleta habari. Alikuwa amepeleka saa yake ya mkononi kutengenezwa, akarudi anahema kama aliyekimbizwa.

“Wifi, yule fundi saa wako ana dume!”

“Si fundi saa wangu.”

“Haya, wa mtu mwingine. Lakini ana dume. Nimemwona kwa macho yangu, ana mbawa, amekaa kwenye chupa nyuma ya saa za ukutani. Ni mzima!”

Bi Mkunjo aliweka pasi chini. Fundi saa huyo alikuwa amepewa na Bi Mkunjo mwenyewe vunjajungu wachanga kadhaa wa kizazi kile cha tatu, siku walipokuwa bado wanazungumza. Ni mseja wa makamo, mahiri wa kazi yake, na mkono wa birika: hajapata kumwazima mtu hata bisibisi. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la ofisi, mahali ambapo jua halijui njia. Miezi kadhaa nyuma Bi Mkunjo alipita hapo akakuta watoto wote wamejazwa kwenye chupa moja, chafu, wanatafunana. Akamwambia mbele ya wateja wake, tena kwa sauti, kwamba ule ni ukatili na kwamba mtu asiyeweza kuosha chupa asiguse kiumbe hai. Fundi saa alitoa jichoni kioo chake cha kukuzia akasema, “Dada, nenda kafue.” Tangu hapo hawakusalimiana. Mmoja akiiona sura ya mwenzake barabarani, anakumbuka alisahau kitu alikotoka.

“Nenda wewe ukamwombe,” Bi Mkunjo alimwambia wifi yake.

“Mimi? Nikamposee binti yako kama nani?”

“Kama shangazi yake.”

“Shangazi haendi kuomba mume wa kuazima, wifi. Hilo la mama mzazi.”

Nawajua watu wengi ambao wangemwacha jike yule afie kwenye chupa kuliko kwenda kuinama mbele ya mtu aliyewatukana. Wangeita hiyo heshima. Bi Mkunjo alivua aproni, akafunga kitambaa kipya kichwani, akaenda. Wifi alimfuata, kwa maneno yake, ili asikose ushahidi, na ndiye aliyenisimulia.

Fundi saa alikuwa ameinamia saa iliyofunguliwa tumbo. Hakuinua kichwa.

“Nguo zangu hazijachafuka,” alisema.

“Sikujia nguo. Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza, nilikukosea kukusema mbele ya wateja wako. Ningekuita pembeni. Nisamehe.”

“Na lile la chupa chafu?”

“Chupa ilikuwa chafu, kaka. Hilo sikuliombea msamaha.”

Wifi anasema hapo alijua wamekwisha. Fundi saa aliinua kichwa taratibu, kioo kikiwa bado jichoni, kwa hiyo jicho moja lilionekana kubwa kama la ng’ombe. Alimtazama sana. Kisha akauliza, “La pili?”

“Nina jike aliyekomaa. Sina dume.”

“Wako wamekwenda wapi? Wewe si ndiye bingwa wa usafi?”

Angeweza kusema walikufa, na ungekuwa ukweli wa kutosha kwa watu wa kawaida. Alisema, “Niliwaua mimi. Niliwapa joto sawa na chakula sawa na dada zao, wakawahi kukomaa, wakazeeka wakiwa peke yao. Wako amechelewa kwa sababu hapa kuna baridi na wewe huwalishi vya kutosha. Ubaya wako umemwokoa, wema wangu umewaangamiza wangu. Ndiyo hali.”

Hapo fundi saa alicheka. Alicheka mpaka kioo kikamdondoka jichoni akakidaka kwa kiganja bila kukitazama. Baadaye akawa mzito tena.

“Jike wako atamla.”

“Anaweza. Siwezi kukuahidi hatamla. Naweza kukuahidi nitamshibisha kwanza, na nitasimama hapo mpaka mwisho.”

“Na mimi nitasimama.”

“Njoo usimame.”

“Nikikuta hata mguu mmoja umepungua…”

“Utanisema,” alisema Bi Mkunjo, “lakini uniite pembeni.”

Fundi saa alifunga kibanda siku aliyochagua, jambo ambalo wapangaji wa jengo lile walidhani ni msiba. Alimbeba dume wake ndani ya kisanduku cha saa, kilichotandikwa kitambaa cha kufutia vioo. Bi Mkunjo alikuwa amemlisha jike siku zilizotangulia mpaka tumbo likawa kama punje kubwa ya maharage, na alikuwa ameondoa nguo zote kwenye meza ya pasi, akasimamisha banzi refu la zamani lenye gome nene. Jike alijilaza karibu na ncha ya juu. Dume aliachiwa chini, nyuma yake, mbali kadiri banzi lilivyoruhusu.

Nilifika katikati ya hayo kuchukua mashati yangu. Wifi alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake wote.

“Leo hakuna kazi. Kuna harusi ndani.”

“Harusi ya nani?”

“Ya watu wafupi. Ukitaka kuingia vua viatu, ufunge mdomo, na usipumue kwa nguvu.”

Nikavua viatu. Pasi zote zilikuwa baridi, na chumba kile bila mvuke kilikuwa kama chumba cha mtu mwingine. Bi Mkunjo na fundi saa wamesimama kila mmoja upande wake wa meza, kila mmoja na brashi laini ya rangi mkononi, kama mabawabu wawili wa mlango mmoja. Banzi nililiona. Vunjajungu sikuwaona.

“Yuko wapi dume?” nilinong’ona.

“Hapo,” alinong’ona fundi saa.

Nikaitikia kwa adabu.

Nilipomwona hatimaye ni kwa sababu alijongea. Alikwenda urefu wa kucha, akasimama. Jike akipeleka kichwa upande, dume anakuwa gome. Jike akitulia, anapanda tena kidogo. Ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Wateja walikuja, wakarudishwa. Nilimsikia wifi akimwambia karani mmoja aje kesho, maana bwana harusi ana aibu. Bi Mkunjo hakuketi. Mwanamke ambaye hajapata kuchelewesha hata kola ya mtu aliziacha nguo za mtaa mzima zilale kwenye mabeseni, na jasho lilimtoka bila moto wa pasi.

Kisha dume akaruka. Sikuona safari yenyewe; niliona tu kwamba sasa yuko mgongoni mwa jike, ameshika sawasawa. Jike aligeuza kichwa nyuma na kunyoosha mkono mmoja wenye miiba. Fundi saa akawahi kusogeza brashi.

“Bado,” Bi Mkunjo alimwambia kwa sauti ya chini. “Mwache. Anamgusa tu.”

“Anamshika!”

“Anamgusa, kaka. Subiri.”

Jike akarudisha mkono. Walikaa hivyo muda mrefu, na sisi tukakaa hivyo nao. Walipoachana, jike aligeuka kwa kasi ambayo mwili ule mzito haukuonyesha kuwa nayo, na hapo brashi zote mbili zilishuka kwa pamoja baina yao. Dume akafungua mbawa, akapita kando ya sikio langu, akatua kwenye kilemba cha wifi.

Wifi aligeuka nguzo.

“Wifi,” alisema bila kufungua meno, “mtoeni mkwe wenu kichwani kwangu.”

“Usitikisike,” alisema fundi saa, akimkaribia na kisanduku.

“Kwani naonekana nacheza ngoma?”

Dume alirudi kwenye kisanduku na miguu yake yote. Mashati yangu niliyapata kwa kuchelewa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue Bi Mkunjo. Aliniomba radhi kama aliyeyaunguza, ingawa mwenyewe nilikuwa nimeona yalikochelewea.

Siku zilizofuata ndizo zilizomchosha. Dume, aliyekuwa amezeeka, alikufa kibandani chini ya ngazi; fundi saa alikuja mwenyewe kusema, akasimama mlangoni akikunja na kukunjua kofia. Kwa hiyo sasa hakukuwa na la kurudia. Jike alivimba, akaacha kula, akawa anazunguka chupa juu chini bila kutua. Hakutaga. Bi Mkunjo alifikiri labda ule muungano haukushika. Alifikiri labda chupa ni fupi. Alimhamishia kwenye tenga kubwa lililozungushiwa neti na kumwekea lile banzi nene. Wifi naye aliacha mizaha, na ukimwona wifi ameacha mizaha ujue nyumba ina jambo.

Ndipo siku moja wakamkuta jike amejinyoosha juu ya mstari mwembamba wa povu la kahawia lililogandamana na gome. Alikuwa ametaga. Tena hakuondoka. Vunjajungu wengine hutaga wakaenda zao. Huyu wa magome hulala juu ya mayai yake, mwili wake ukiwa kifuniko, na mwenye kupita haoni jike wala mayai, anaona mti tu. Alikaa hapo. Mende alimpokea aliposogezewa mdomoni kwa kibanio, la sivyo hakumfuata. Tumbo lilisinyaa. Mguu mmoja wa nyuma ulilegea.

Fundi saa, ambaye sasa alipita kila alipofunga kibanda, hakuvumilia.

“Atakufa hapo. Mwondoe, umlishe vizuri. Mayai hayaendi popote.”

“Nikimwondoa, nani ayaangalie?”

“Mimi na wewe.”

“Sisi hatujui anayalinda dhidi ya nini,” Bi Mkunjo alisema. “Yeye anajua. Nilishawahi kujifanya najua kuliko wao, umeona nilipofika. Mwache afanye kazi yake.”

Fundi saa alikubali shingo upande. Hata hivyo niliona kwamba aliacha pale ile brashi yake, kwenye ukingo wa rafu, tayari.

Kilichofuata kilianza kwa ukelele. Wifi alikuwa anapiga pasi shuka, nami nilikuwa mlangoni na mfuko wa mashati, aliporuka nyuma akaangusha kibao cha kupigia pasi mikono ya mashati.

“Wifi! Wifi, njoo! Sisimizi! Sisimizi wameingia kwenye mayai!”

Bi Mkunjo alikuja kutoka kwenye matangi akiwa na povu mpaka viwikoni. Nilimwona usoni, na sitaki kuona uso ule tena. Kwenye gome, kando ya jike na juu ya mgongo wake, vilikuwa vinatembea vitu vidogo vyeusi, vyembamba, vingi, vinavyokwenda na kusimama kama sisimizi waliopata sukari. Wifi alikuwa tayari ameshika kitambaa kibichi cha kuwafutilia mbali. Bi Mkunjo alimkamata mkono.

“Ngoja.”

“Wanakula, wifi!”

“Ngoja, nakwambia. Angalia mikono.”

Tukaangalia mikono. Kila kimoja, kikisimama, kilikuwa kinakunja miguu miwili ya mbele kifuani. Walikuwa vunjajungu wachanga; wa vizazi vilivyotangulia walianguliwa nyuma ya gome, wakaonekana wakiwa wameshageuka kijivu.

Kitambaa kibichi kilidondosha maji sakafuni. Bi Mkunjo aliketi, si kwenye kiti, bali juu ya furushi la nguo za watu, chafu kwa safi, jambo ambalo amelikataza tangu siku ya kwanza ya kazi yake. Wifi alitoka mbio bila kanga ya begani, tukamsikia barabarani akimwita fundi saa kutoka mbali, akiita kwa jina la “baba mkwe” kwa sauti ya kufungulisha madirisha.

Fundi saa alifika kioo kikiwa kimesahauliwa jichoni. Aliinamia banzi mpaka pua yake ikakaribia neti, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikitoa kioo, akakisugua kwa ncha ya shati, na yeye asiyeazima bisibisi akakinyoosha kwa Bi Mkunjo.

“Tazama, dada.”

Hakukichukua mara moja. Alikuwa anamtazama jike. Jike mzee, aliyekauka, alikuwa ameinua mguu wake uliolegea ili mtoto mmoja apite chini yake, na hakuushusha mpaka alipopita.